Aliyeagwa Jumatatu

Mimi niliagwa Jumatatu. Nalisema tangu mwanzo ili mtu asije akadai kwamba sikuagwa vizuri. Niliagwa kwa maji, kwa sala, kwa nyimbo za akina mama wa parokia, na kwa kuku ambaye waliomla ni wale waliokuja kuniaga. Na Ijumaa nilikuwa bado Kasongo. Nilikuwa nimeketi kwenye baraza la jirani, hatua arobaini kutoka mlango wa nyumba yangu mwenyewe, na mama yangu mzazi, aliyeketi kwenye baraza letu ng'ambo ya barabara, alinitazama kama mtu anayetazama hewa.

Hizo hatua arobaini nilizihesabu. Mimi ni mwalimu, kuhesabu ni kazi yangu. Jina langu Victorine, ila mtaani wananiita Mama Laetitia. Nafundisha darasa la tano. Naweza kuchora ramani ya Afrika ubaoni nimefumba macho, pamoja na mito yake yote. Kufika Kindu tu, mji mkuu wa mkoa wetu, ndiko kulikonishinda.

Laetitia ni mwanangu wa pekee. Anaishi Liège, Ubelgiji, pamoja na mumewe Aganze, kijana wa Bukavu, mpole mpaka unamwonea huruma. Miaka miwili iliyopita Laetitia alijifungua mtoto wa kwanza, na mtoto hakulia. Mimi habari nilizipata kwa simu, nikitoka misa. Baadaye aliniambia kwamba muuguzi mmoja alimshika mkono saa zile zote. "Alikuwa mutu muzuri, Mama," alisema, "lakini alikuwa anaangalia saa." Kwa hiyo aliposhika mimba ya pili hakuomba nguo wala dawa za kienyeji. Alisema: "Mama, safari hii nataka mukono yako." Madaktari wakaamua kumpasua Jumanne, saa tatu asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni saa nne. Kazi yangu ilikuwa moja: Jumanne saa nne, mkono wangu uwe Liège.

Nilikuwa na siku nane. Jumatatu ndege ndogo kutoka Kasongo hadi Kindu. Jumatano ndege kubwa kidogo hadi Kinshasa. Ijumaa usiku ile kubwa kabisa, kupitia Addis Ababa, na Jumamosi nashuka Ubelgiji, napumzika siku mbili, nampikia mwanangu sombe, majani ya mihogo ya kwetu. Kwenye karatasi safari ilikuwa nzuri. Hata mimi nikisahihisha ningeipa kumi juu ya kumi.

Sasa lazima nieleze habari ya maji, maana bila hiyo mtaniona mwehu. Katika ukoo wa mama yangu, msafiri wa mbali haagwi mara mbili. Mama anasimama mlangoni, anaweka maji mdomoni, anakupulizia kifuani, anasema, "Enda, usiangalie nyuma." Basi. Tangu hapo umeshaenda. Huvuki tena kizingiti kile mpaka ufike ulikokuwa unakwenda. Ukirudi kabla ya kufika, safari imekufa, na anayeumia si wewe, ni yule anayekungoja. Na aliyekuaga haruhusiwi kuzungumza nawe, kwa sababu kwake wewe hupo. Mimi nimesoma. Nimefundisha watoto kwamba mvua inaletwa na mvuke. Lakini nitajieni mama mmoja ambaye binti yake amekwisha kuzika mtoto, na ambaye angekwenda kukanyaga kizingiti kile kwa ajili tu ya kuonyesha kwamba amesoma.

Jumatatu hiyo tulikuwa abiria kumi na mmoja kwenye uwanja, tukitazama mbuzi wakila nyasi za njia ya ndege. Saa sita akaja Djamali, kijana wa lile shirika, mwenye meza yake moja na mzani wake mmoja karibu na soko. Alishika karatasi ambayo haikuwa na kitu.

"Ba mama na ba papa, pilote iko mugonjwa. Ndeke inakuja kesho, bila shaka."

Mtu akikwambia "bila shaka" kabla hujamuuliza, anza kuwa na shaka. Mimi sikuanza. Nilipanda pikipiki ya Mugisho, mbeba abiria wa mtaani kwetu, nikiwa na sanduku langu la kilo ishirini na tano, nikarudi mtaani. Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Aliponiona alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, kama mtu anayezuia vumbi.

Nikabaki barabarani na sanduku. Rachelle ndiye aliyeniokoa. Ni mwanamke kijana wa upande wa Bukavu, anapanga nyumba inayotazamana na yetu. Mumewe, Muzaliwa, anachimba dhahabu Salamabila, na yeye anakaanga mikate barazani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Laeti, nyumba ni yako, funguo iko mu mfuko yako, na unakuya kulala kwangu?"

"Nimekwisha kuagwa, Rachelle."

"Kwetu mutu akiachwa na ndeke anarudia kwake, anakula, analala!"

"Kwenu ni kwenu."

Simu ya kwanza ilikuja jioni ile ile. Kabla ya Laetitia alinipigia Aganze, akisema kwa sauti ya chini kwamba presha ya damu ya Laetitia inapanda, daktari amekataza asishtuliwe. "Tafazali Mama, mwambie tu umefika Kindu. Tiketi nitaitengeneza miye." Nikakubali. Ni uongo mdogo, nilijiambia, wa siku moja. Laetitia alipopiga, nikamwambia niko Kindu, kwenye nyumba ya wageni ya masista, mto uko karibu, hewa nzuri.

Wakati huo huo, ng'ambo ya barabara, mama yangu alianza kumgombeza mbuzi wake. Mbuzi huyo anaitwa Depite, yaani mbunge, kwa sababu anakula vya watu wote na hajawahi kuleta kitu nyumbani. "Depite! Toka mu mihogo! Depite, weye huna haya!" Mama ana miaka themanini na mbili na sauti ya mtu anayeita kivuko. Nikafunika simu kwa kiganja, nikaendelea kusifu hewa ya Kindu.

Jumanne ndege haikuja kwa sababu ya mvua ya Kindu. Jumatano haikuja kwa sababu ya mafuta. Kila asubuhi nilikwenda kwa Djamali, na kila asubuhi alikuwa na sababu mpya, imepigwa pasi, inanukia sabuni. Ningekuwa na wanafunzi wenye akili ya kutunga kama ile, shule yetu ingekuwa ya kwanza mkoani. Na kila asubuhi Mugisho alipunguza mwendo mbele ya baraza la Rachelle, mguu mmoja chini, injini inanguruma.

"Mama, tuende Kindu? Siku mbili, na mvua siku mbili na nusu."

"Ndege inakuja kesho, Mugisho."

Jumatano alinijibu kwa ukatili wa mtu mwenye haki: "Kama tungeliondoka Jumatatu, sasa ungekuwa unakunywa chai Kindu." Nikamwambia aende zake. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kucheleweshwa kungekuwa kwepesi kama wangekuambia mara moja: siku tano. Ungelia, ungepanda pikipiki, ungefika. Lakini wanakugawia siku moja moja, kama dawa, na kila siku moja peke yake inavumilika. Wahenga wanasema subira huvuta heri. Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi tumbo ndilo lililoniuma.

Ile ndege ya Kindu hadi Kinshasa iliondoka Jumatano bila mimi. Aganze akabadilisha tiketi: sasa nilitakiwa kuwa Kindu Jumamosi asubuhi, Kinshasa Jumapili usiku, Ubelgiji Jumatatu. Siku moja kabla ya kisu. Hapakubaki hata nafasi ya kupiga chafya.

Kwa Rachelle nilikwisha kuwa mzigo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Rachelle hakunipa jembe, nilijichukulia mwenyewe beseni la unga nikaanza kukanda. Samaki wa kukauka waliokuwa ndani ya sanduku langu walianza kunuka nyumba nzima, na paka watatu wa mtaa walihamia dirishani. Mawese yalivuja kwenye kitenge nilichomnunulia Laetitia cha kubebea mtoto. Nilikifua, nikakianika kwenye kamba ya Rachelle, na doa likabaki. Nililia kwa sababu ya doa lile, na sioni aibu kusema.

Mama aliona kitenge. Najua aliona, kwa sababu alimwambia Depite kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Depite, kama ningekuwa na mutoto Bulaya, ningemwambia doa ya mawese inatoka na majivu na ndimu." Hivyo ndivyo tulivyozungumza wiki ile. Mama alimwambia mbuzi, mimi nikasikia. Siku mikate ilipotaka kuungua wakati nasinzia, Depite aliambiwa. Siku niliyovaa blauzi kinyume, Depite aliambiwa. Nilimsalimu mama kila asubuhi nikiwa upande wangu wa barabara, "Shikamoo Mama," na hakuitikia hata mara moja. Nilikuwa na hasira naye. Niandike hivyo hivyo: nilimkasirikia mama yangu kuliko nilivyomkasirikia Djamali, maana Djamali hakunizaa.

Alhamisi alfajiri Mugisho alikuja na koti la mvua, akazima injini, jambo ambalo halifanyi kwa mtu yeyote.

"Mama, leo ndiyo mwisho. Tukitoka sasa, Jumamosi asubui tuko Kindu. Kesho itakuwa bure."

Nilitazama goti langu lenye ugonjwa. Nilitazama sanduku. Nikampigia Djamali, naye akaapa kwa jina la mama yake kwamba ndege imekwisha kuondoka Kindu, anayo sauti ya rubani kwenye simu. "Inakuja leo, Mama. Na isipokuja leo, kesho asubui." Nikamwambia Mugisho hapana. Hakuna aliyenilazimisha, nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Na kweli, saa tano tuliisikia. Hapa Kasongo, siku ya kwanza ikishapita, hakuna anayekaa uwanjani kungoja ndege. Unakaa nyumbani na mzigo wako mlangoni. Ndege ikifika inazunguka mji mara mbili, chini kabisa, ili watu wa uwanja wapate nafasi ya kufukuza mbuzi na kuondoa baiskeli. Mzunguko wa kwanza unavaa viatu, wa pili uko juu ya pikipiki, na inapogusa ardhi nawe unaingia uwanjani. Ndivyo tulivyofanya miaka yote, na hatujawahi kuachwa.

Ikazunguka mara ya kwanza. Nikavaa viatu. Rachelle akabeba sanduku kichwani, akipiga vigelegele. Ikazunguka mara ya pili, nikaona hata magurudumu yake. Kisha ikanyoosha, ikapanda, ikaelekea mashariki, upande wa Salamabila, sauti ikapungua mpaka ikawa ya nzi. Djamali alieleza baadaye kwamba watu wa dhahabu waliikodi ikiwa hewani. Ikiwa hewani! Mimi sikujua kwamba ndege inaweza kusimamishwa njiani kama muuza karanga.

Rachelle alishusha sanduku. Ng'ambo, mama alikuwa amesimama, mkono juu ya macho, akitazama mashariki. Alipoona namtazama, aliketi.

Ijumaa nilijitayarisha tangu saa kumi na mbili. Viatu nilikuwa navyo miguuni. Sanduku lilikuwa mlangoni. Mugisho alilala juu ya pikipiki yake chini ya dirisha, miguu juu ya usukani, tayari. Masikio yangu yote yalikuwa angani, yanangoja mzunguko wa kwanza. Saa tatu simu ikalia. Alikuwa Laetitia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, minaogopa."

Ningefanya nini? Nilikaa, nikamweleza Kindu. Nilimweleza uwanja wa Kindu, watu wanapanga mstari, mimi ni wa sita, mwanamke mbele yangu amebeba kasuku. Kasuku huyo nilimtunga kwa uchungu, nikampa na maneno, Laetitia akacheka kidogo. Tulizungumza robo saa, nusu saa. Nilikuwa namsikiliza anavyopumua. Niliona jina la Djamali likiwaka kwenye simu, likizimika, likiwaka. Sikukata. Nilisema moyoni, ndege haijazunguka, Djamali anataka kuleta sababu yake ya leo, angoje.

Halafu nikaisikia. Haikuwa inakuja. Ilipita juu ya paa la Rachelle ikitoka upande wa uwanja, imejaa, inapanda, pua yake kuelekea Kindu.

"Ni ndeke hiyo, Mama?" Laetitia akauliza sikioni mwangu. "Ndiyo yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo yangu."

Rubani alikuwa mgeni. Hakuna aliyemwambia kwamba Kasongo ndege inazunguka mara mbili. Aliona uwanja hauna mbuzi, akashuka moja kwa moja kutoka upande wa mto, bila kupita juu ya mji, akapakia waliokuwepo, yaani wafanyabiashara wanne waliolala pale pale juu ya magunia yao, akaondoka baada ya dakika ishirini. Abiria saba tulikuwa nyumbani tumevaa viatu, tunangoja kuzungukwa. Djamali alinipigia mara kumi na moja. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alikuwa na habari ya kweli, na mimi sikuipokea, kwa sababu nilikuwa namdanganya mwanangu.

Nilikwenda ofisini kwake kwa miguu. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Alisimama nyuma ya mzani wake kama mwanafunzi, na mwishoni alisema tu, "Mama, miye pia dada yangu alikuwa aende na ndeke hiyo. Amebaki." Hata hasira yangu hakuniachia nimalize vizuri.

Njiani nikirudi, miguu ilinipeleka yenyewe upande wa kwetu. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni. Nilitaka kitanda changu, nilitaka kulala na uso ukutani. Nilifika mpaka kwenye mawe yaliyopanga njia ya uani. Mama alikuwa barazani. Hakuingia ndani safari hii. Alimshika Depite pembe, akamwinamia, na sauti yake haikuwa ile ya kugombeza.

"Depite," alisema, "mutu akiisha kuagwa hawezi kurudia mulango. Hata kama amechoka. Hata kama mama yake anataka. Kule kuna mutoto wa mutu juu ya kitanda."

Nikasimama. "Mama, unafikiri sijui?" nikapiga kelele barabarani, watu wakageuka. "Unafikiri mimi napenda kulala kwa watu? Siku tano hunijibu salamu! Mimi ni mtoto wako au ni mzimu?" Hakuniangalia. Aliendelea kushika pembe ya mbuzi kwa mikono yote miwili. Nikageuka, nikarudi hatua zangu arobaini.

Jumapili uongo uliisha. Ilibidi uishe, maana Jumatatu Laetitia angemtuma Aganze anipokee. Nilikaa kwenye kigoda cha Rachelle, nikapiga mwenyewe, na nikasema kabla sijaogopa.

"Laetitia mwanangu, mimi sipo Kinshasa. Hata Kindu sikufika. Tangu Jumatatu niko Kasongo, niko kwa Rachelle. Sitafika. Nisamehe, sitafika."

Nilingoja kilio, kukatika kwa simu, sauti ya Aganze akinilaumu.

"Minajua, Mama," akasema Laetitia.

"Nani alikuambia? Aganze?"

"Hapana. Toka Jumatatu minasikia Koko anagombeza mbuzi." Koko ndilo jina wajukuu wanamwitia mama yangu. "Kindu kuna ba Depite ngapi, Mama?"

Siku saba za kutunga nyumba za masista na kasuku!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kupiga simu ndefu. Ungeona haya. Kila siku nilikuwa nalala hapa naweka simu kwa sikio. Weye unasema mambo ya Kindu, na nyuma yako Koko iko anapiga kelele, mikate ya ule mama inalia mu mafuta, pikipiki inapita. Mama, nilikuwa mu barabara ya kwetu. Ile siku ya mutoto wa kwanza, hakukuwa sauti hata moja. Saa tu, ukutani." Kisha akasema: "Jumanne, usikate simu. Aganze atanishikia. Hata kama hauna kitu cha kusema, acha simu iko wazi, nisikie."

Nilipomaliza, Rachelle alikuwa analia juu ya unga wake. Hatujui kunong'ona mtaani kwetu. Nilikuwa nimezungumza huku nimefungua kipaza sauti cha simu, na barabara ni nyembamba. Ng'ambo, mama alikuwa ameacha kuchambua mchele.

Jumanne, kabla ya saa nne, nilikuwa barazani kwa Rachelle na simu juu ya beseni lililopinduliwa, betri yake imejazwa moto mpaka juu. Na mama yangu alikuwa anatwanga. Ana miaka themanini na mbili, hajatwanga tangu mwaka juzi, ana kijana wa jirani wa kumtwangia, na asubuhi ile alitoa kinu mpaka ukingo wa barabara, karibu kabisa, akaanza kutwanga sombe yeye mwenyewe, du, du, du. Depite alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kiti, hajafanya kosa lolote, na alikuwa anagombezwa kuliko siku zote. Rachelle alitia mikate mingi katika mafuta kwa mara moja. Mugisho, ambaye hakuitwa na mtu, alikuwa anapita na kurudi, anapita na kurudi, akiongeza moto wa injini.

"Mama," ilisema simu. Nyuma yake kulikuwa na vyuma vinagongana na watu wanazungumza Kifaransa cha haraka. "Wameanza. Sisikii maumivu. Minasikia tu wananivuta. Mama, ongea."

Mimi, mwenye miaka ishirini na saba ya ualimu, nilikosa neno. Niliweka mkono juu ya simu, kiganja chote, kama mtu anayeshika paji la uso la mgonjwa.

"Depite!" mama akapiga kelele kwa ajili yangu. "Depite, simama vizuri, tuko na wageni!"

Nikasikia Laetitia anacheka, na daktari anamwambia asicheke.

Na hapo ndipo ilipokuja. Ilitoka upande wa mto, chini kabisa, na ikaanza kuzunguka mji. Ile ndege. Ile ndege mbwa niliyoingoja siku nane, ikaja saa nne na robo ya Jumanne kuzunguka juu ya kichwa changu kwa adabu zote, kama ilivyofundishwa. Mabati yalitetemeka. Sikusikia kinu, sikusikia simu. Nililala juu ya beseni, sikio langu juu ya kioo, na nikasikia mngurumo tu. Nilisimama nikaitukana. Niliitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa lugha ya mama yangu, mikono juu, na watoto wa mtaa wakanitazama midomo wazi. Ikamaliza mzunguko wa kwanza. Ikaanza wa pili. Saa ile ile, sekunde zile zile ambazo nilizingoja miaka miwili, yenyewe ilikuwa inazunguka! Hakuna mtu aliyevaa viatu.

Ikashuka uwanjani. Kelele ikaisha polepole, kama maji yanavyoingia mchangani. Mama hakuwa anatwanga tena. Rachelle alishika kijiko juu, mafuta yanadondoka. Mugisho alikuwa amezima injini.

Katika simu mtoto alikuwa analia. Alikuwa analia kwa hasira kubwa, bila kupumzika, kama mtu aliyecheleweshwa, na juu ya kilio chake Aganze alikuwa anasema jina la Mungu, na Laetitia alikuwa anasema, "Mama, unasikia? Mama, unasikia?"

"Nasikia," nikasema.

Ng'ambo ya barabara, mama yangu aliweka mchi chini. Alinitazama mimi, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ya juma lililopita.

"Weye uko Bulaya!" akaniita. "Mutoto amelia?"

"Amelia, Mama."

"Mwanamuke ao mwanaume?"

"Mwanamke."

Alifunga macho kidogo, akayafungua. Kisha akaondoa kinu kilichokuwa mbele ya njia ya uani.

"Basi umefika," akasema. "Rudia sasa nyumbani, ukule."

Nikachukua simu inayolia, nikachukua sanduku langu la samaki, na nikavuka barabara na hasira zangu zote.